Nyumba ya Mulei

Kwanza yasahihishwe yale yaliyosemwa kijijini Tawa. Nthenya hakumnunua Kalunde kwa magunia ya unga mwaka wa njaa. Hakumleta kutoka Kyuso awe mtumishi wa jikoni, kisha akambadilisha cheo mambo yalipombana. Hakumwambia Nzilani aandike nini katika ile insha. Angemwambia, insha ile isingeandikwa. Na Mchungaji Jonah hakunyamazishwa kwa bahasha. Maneno haya yalisemwa sokoni, yakasemwa kisimani, yakasemwa hata kwenye ngazi za kanisa na watu waliokuwa bado wamevaa majoho ya kwaya. Waliosema hawakuwepo. Waliokuwepo walikuwa wachache, na mambo yalikuwa hivi.

Nthenya alikuwa binti wa mzee wa kanisa. Baba yake alimpeleka shule ya misheni wakati majirani walipokuwa wakimcheka kwamba anasomesha mke wa mtu mwingine. Akasoma, akapita, akaenda chuo cha ualimu, akarudi na viatu vyeusi vya kufunga kamba na tabia ya kusahihisha kila kitu. Tangazo la chifu likibandikwa ukutani, yeye hutoa penseli mkobani. Mtoto akimsalimu nusu nusu, humsimamisha njiani mpaka amalize salamu. Alifunga ndoa kanisani na Mulei, mwalimu mkuu, mtu mrefu mpole ambaye suruali zake zilipigwa pasi hadi siku za kulima. Walipendana kwa namna ambayo watu wa Tawa waliiona ya kizungu kidogo: walitembea pamoja bega kwa bega, wakizungumza, badala ya mume kutangulia.

Mtoto mmoja alizaliwa akiwa amekufa. Mwingine hakuja. Kisha, mwaka wa uhuru, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, Mulei akafa kwa ugonjwa wa figo. Akazikwa pembeni mwa boma, karibu na mstari wa mkonge. Udongo haujakauka, ndugu yake Kiema akaanza kutembelea shamba mara kwa mara, akisimama katikati yake na mikono kiunoni kama mtu anayechagua mahali pa kujenga.

"Pole sana, shemeji," akasema. "Nyumba ya ndugu yangu imezimika."

Mama mkwe wa Nthenya, bibi kizee Syokau, alikuwa amelala ndani na alisikia. Alimwita.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, mwaitu." Hivyo ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

"Wewe umesoma. Najua mambo ya kanisa lenu. Lakini mwanangu hawezi kuwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Oa."

Hapo ndipo lazima kueleza, maana vijana wa leo hawajui na wageni hawakuwahi kujua. Kwa Wakamba, mwanamke asiye na mwana anaweza kutoa mbuzi akaoa mke. Mke huyo anaitwa iweto. Anaolewa kwa jina la mume wa yule mwanamke, hata kama mume ni marehemu, na watoto atakaozaa ni watoto wa nyumba hiyo kabisa. Wana kaburi la baba, wana shamba la baba, wana jina la baba. Mwanamume aliyesaidia kuwaleta duniani hatajwi, haulizwi, wala hadai. Ndiyo desturi. Kanisa nalo lilikuwa limesema kutoka mimbarini kwamba anayefanya hivyo atatengwa na meza ya Bwana.

Nthenya aliomba juu ya jambo hilo muda mrefu. Kisha akaacha kuomba, akaenda kutafuta mbuzi.

Safari ya Kyuso ilikuwa kwa lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu. Alikwenda na mzee wa ukoo wa Mulei kama msemaji, na vijana wawili wa jirani wa kushika mbuzi. Kule kaskazini ya Kitui jua lilikuwa limekula kila kitu. Kweli, ilikuwa njaa. Serikali ilikuwa ikigawa unga. Lakini Nthenya hakupeleka hata kibaba cha unga, makusudi, ili pasiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba binti alibadilishwa kwa chakula. Wakasema hata hivyo. Alipeleka mbuzi, na ntheo ikachinjwa. Ntheo ni ile nyama ya mbuzi wanaochinjwa nyumbani kwao msichana, ikaliwa na pande zote mbili. Bila hiyo hakuna ndoa, hata mkizaa watoto wakajaa ua. Ikishaliwa, hakuna wa kuikana, kwa sababu kila aliyekula ameshuhudia kwa mdomo wake.

Msichana mwenyewe, Kalunde, aliulizwa mbele ya baba yake kama anakubali. Alimtazama Nthenya kuanzia viatu vyeusi hadi kitambaa cha kichwa.

"Nitaitwa nani huko?"

"Mke wa nyumba ya Mulei," Nthenya akajibu.

"Na nikikosea kuongea, utanisahihisha kama watu wanavyosema?"

Wazee walicheka. Nthenya naye alicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Nitajizuia," akasema.

Kalunde alipofika Tawa, akina mama wa kanisa waliuliza, "Huyu ni nani, Mwalimu?" Nthenya akajibu, "Ni Kalunde, wa nyumbani kwangu." Ilikuwa kweli. Wao wakaamua wenyewe kwamba ni mtumishi. Yule aliyezoea kusahihisha kila kitu hakulisahihisha hilo. Kalunde akamzaa Nzilani, kisha mdogo wake Muli, na Nthenya akawaandikisha shuleni mwenyewe: Nzilani Mulei, Muli Mulei. Watu walinong'ona kidogo, wakachoka. Syokau alikufa akiwa amempakata mjukuu. Kiema akaacha kutembelea shamba. Nthenya akawa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na ikawa kana kwamba hakuna chochote kilichongoja.

Ukaja mwaka wa themanini na nne. Nzilani alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana ya kanisa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa kijana mmoja anayeitwa Gicheru, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Murang'a wakafungua duka Salama, kwenye barabara ya Mombasa. Alikuwa mwalimu mzuri. Alichoka kusoma insha za wasichana zinazofanana, zenye baba mpole na mama mchangamfu na ng'ombe wa gredi wa maziwa mengi. Akawapa mada: mimi ni nani katika familia yangu na katika maisha ya kisasa. "Andikeni ukweli," aliwaambia. "Atakayeandika uongo nitamjua."

Wengi waliandika juu ya redio, suruali za wasichana, na baba anayefanya kazi Nairobi. Nzilani aliandika hivi: *Baba yangu alifariki kabla sijazaliwa. Alifariki kabla mama yangu hajafika kwetu. Hawakuonana hata siku moja. Mimi ni mtoto wake.*

Mwalimu Gicheru aliweka mstari mwekundu chini ya maneno hayo, akaandika pembeni: Haiwezekani. Kisha akayasoma darasani, bila jina, kama mfano wa mtu anayetunga badala ya kusema kweli. Lakini wasichana hawakuhitaji jina. Jioni bwenini mmoja akasema, "Hodi huko kaburini! Binti yenu amekosa sabuni." Kufikia Ijumaa wote walikuwa wakimwita Wa Kaburini.

Hayo yangeisha yenyewe, kama kejeli za bwenini zinavyoisha. Lakini ulikuwa wakati wa kuandikisha majina ya mtihani wa taifa. Mwalimu mkuu, Bi. Kalondu, alikuwa na insha ile mezani. Alimwita Nzilani akamwambia kwamba jina lake limesimamishwa. Mtu aliyekufa kabla mama hajaolewa hawezi kuandikwa kuwa baba. Aende nyumbani alete mzazi. Kama hakuna maelezo, ataandikwa Nzilani Kalunde, kwa jina la mama, kama wanavyoandikwa watoto wasio na baba. Na jina linaloingia kwenye cheti cha mtihani, mtu huzeeka nalo.

Nyumbani, Nthenya alimsikiliza Nzilani akiwa amesimama ukumbini, akipepeta ndengu. Aliendelea kupepeta mpaka msichana alipomaliza.

"Nani alikutuma kuandika habari za nyumba hii?"

"Mwalimu alisema tuandike ukweli, mwaitu."

"Nimefundisha insha kabla huyo mwalimu hajaota meno. Ungeandika baba ni marehemu, ukaweka nukta."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Nzilani akasema. Hakuinamisha kichwa. "Kila nikienda kupalilia kaburi uliniambia, huyu ni baba yako, usikubali mtu akuambie vingine. Sasa niliambie darasa vingine?"

Nthenya aliweka ungo chini.

Kalunde alikuwa mlangoni, mikono ikiwa na unga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyapanga kabla ya kuyatoa.

"Mwalimu, waache waandike jina langu. Halinidhuru. Mtoto afanye mtihani, yaishe."

"Halikudhuru wewe. Na Mulei je?"

"Mulei amekufa."

"Ndiyo maana," Nthenya akasema. "Hawezi kwenda huko ofisini mwenyewe."

Siku iliyofuata Mchungaji Jonah alifika. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mtu mnene mwenye sauti tamu ya mazishi, na habari zilikuwa zimemfikia. Alikunywa chai. Alisifu chai. Kisha akasogeza kiti.

"Mama Mwenyekiti, nimekuja kukusaidia. Kesho pale ofisini usiseme mengi. Sema Kalunde alikuja kwako akiwa hana mbele wala nyuma, ukampa kazi, akazaa, ukawalea watoto kwa huruma. Watu watakusifu. Mimi mwenyewe nitalitaja jambo hilo kwenye mahubiri."

"Na jina?"

"Jina la mama lina ubaya gani? Mbinguni hawaulizi."

"Mtihani haufanyiwi mbinguni, Mchungaji."

Jonah alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ukisema lile jambo lingine kwa mdomo wako, mbele ya watu, mikono yangu itakuwa imefungwa. Nitalazimika kukuondoa kwenye kiti. Nitalazimika kukutenga. Wewe, uliyewafundisha nusu ya kanisa hili kusoma! Unataka akina mama wakuone umekaa benchi la nyuma na walevi?"

Hapo, na ijulikane, Nthenya aliogopa. Kile kiti kilikuwa heshima yake iliyobaki. Alilaza kitambaa chake cheupe cha kanisa juu ya meza, akakipiga pasi, akakikunja, akakikunjua, akakipiga pasi tena. Kalunde alimwona. Alfajiri Kalunde alikuwa amekwisha kuvaa.

"Unakwenda wapi?"

"Ofisini. Mimi pia nimetajwa kwenye hiyo insha."

Ofisi ya Bi. Kalondu ilikuwa ndogo na ilinuka wino wa mashine ya kuchapisha mitihani. Mchungaji Jonah alikaa kando ya dirisha. Mwalimu Gicheru alisimama na karatasi mkononi. Nzilani alisimamishwa karibu na kabati kama mshtakiwa, na Kalunde akaenda kusimama naye. Nthenya alikaribishwa kiti, akakaa, mkoba magotini.

"Mwalimu Nthenya, tunakuheshimu," Bi. Kalondu akaanza. "Jambo ni dogo. Tunataka tu kuliweka sawa."

"Basi lisomwe," Nthenya akasema.

"Si lazima..."

"Lilisomwa darasani bila mimi kuwepo. Lisomwe sasa nikiwepo. Soma, mwalimu."

Gicheru alisoma. Darasani aliisoma kwa mzaha. Mle ofisini mzaha haukupatikana. Alipofika kwenye maneno ya wino mwekundu alinyamaza.

"Umeandika nini hapo pembeni?"

"Nimeandika haiwezekani, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... samahani, mama, mimi si mtu wa huku. Lakini marehemu hazai."

"Ni kweli. Marehemu haoi pia. Mke huolewa kwa jina lake." Nthenya alinyoosha kitambaa cha kichwa ingawa kilikuwa kimenyooka. Mchungaji Jonah alikohoa dirishani, kikohozi cha onyo. Yeye akaendelea. "Mimi, Nthenya, mke wa Mulei kwa ndoa ya kanisa, nilimwoa Kalunde huyu kwa desturi. Nilipeleka mbuzi Kyuso na ntheo ikachinjwa. Kalunde si mtumishi wangu na hakuwahi kuwa. Ni mke wa nyumba ya Mulei. Nzilani ni mtoto wa Mulei. Alichoandika ndicho. Futa wino wako, mwalimu."

Nje mtu alikuwa akiburuta debe la maji juu ya kokoto, na sauti ile iliingia ofisini kwa ukubwa wake wote.

Bi. Kalondu aliongea taratibu. "Mimi ni Mkamba, Mwalimu. Naijua iweto, shangazi yangu alioa. Lakini hii ni shule ya kanisa. Nikiandika, nitaulizwa nani alishuhudia. Una shahidi?"

Yule mzee wa ukoo aliyekuwa msemaji alikuwa amekufa. Baba yake Kalunde alikuwa amekufa. Kijana mmoja kati ya wale wawili wa mbuzi alikwenda Mombasa akapotelea huko. Nthenya alijua hivyo tangu alipoketi. Alijua pia aliyebaki, na hakugeuza kichwa upande wa dirisha.

"Walikuwepo watu," akasema. "Sitawataja. Aliyekula ntheo anajua alikula. Akitaka kukana nyama iliyopita kooni mwake, akane mwenyewe, mbele ya mtoto huyu."

Ni Kalunde aliyetazama dirishani. Hakutazama kwa hasira. Alitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyewahi kumkaribisha kwao.

"Ulipewa mguu wa nyuma," akamwambia Mchungaji Jonah. "Ulisema nyama ya Kyuso ni tamu kuliko ya Tawa, kwa sababu mbuzi wetu wanakula vichaka vya chumvi. Baba yangu alicheka sana."

Ndiyo siri yote. Jonah alikuwa mmoja wa wale vijana walioshika mbuzi katika lori la mkaa, kabla hajaokoka, kabla hajaenda chuo cha Biblia. Hakukuwa na bahasha. Hakukuwa na jambo jingine ambalo watu wa Tawa wamelitafuta kwa miaka yote hii. Alikuwa amekula mguu wa mbuzi, na Mkamba hata akiokoka mara saba hawezi kuikana ntheo mbele ya mke aliyeolewa nayo.

Jasho lilimtoka Mchungaji kwenye paji la uso. Alitoa leso, akaishika bila kujipangusa.

"Bi. Kalondu," hatimaye akasema, na ile sauti tamu ilikuwa imemwacha, "andika Mulei."

"Kwa ushahidi wa nani, Mchungaji?"

"Wangu." Kisha akamgeukia Nthenya. "Lakini yale niliyokuambia ya kanisa yako palepale. Nitafanya ninavyopaswa kufanya."

"Fanya," Nthenya akasema.

Bi. Kalondu aliandika. Gicheru alichukua ile karatasi, akapiga mstari juu ya neno lake mwenyewe, akamrudishia Nzilani kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mwenye adabu, lakini alikuwa kijana, na udadisi ulimshinda.

"Samahani, mama. Nimeelewa. Ila ninajiuliza tu, kwa kuelimika: sasa yule hasa aliye..."

"Mwalimu Gicheru," Nthenya akamkata, "mwulize mama yako pale dukani Salama kama huko kwenu Murang'a, ambako wanawake nao huoa wake, mtu anauliza swali hilo. Akikuambia ndiyo, rudi uniulize."

Hakurudi.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Jonah alisoma jina la Nthenya mbele ya kanisa zima. Hakumtazama alipokuwa akisoma. Nthenya aliinuka kutoka kiti cha mwenyekiti, akachukua Biblia na kitambaa chake cheupe, akatembea hadi benchi la nyuma kwa viatu vyake vya kufunga kamba, na kila mtu alivisikia. Kalunde, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikaa upande wa watumishi na watoto, aliinuka naye akaenda kuketi kando yake. Kwenye benchi lile waliketi pamoja hadi Nthenya aliporudishwa kwenye meza ya Bwana, baada ya miaka, chini ya mchungaji mwingine. Uenyekiti hakurudishiwa, na hakuuomba.

Nzilani alifanya mtihani, akapita. Cheti kilipotoka alikileta nyumbani, akakiweka mapajani mwa Nthenya ukumbini. Nzilani Mulei, kwa herufi za mashine. Nthenya alilisoma jina mara moja, akatafuta kosa, hakulipata.

Msichana hakuondoka. Alichutama karibu yake, akatazama nyuma kuhakikisha mama yake yuko mbali.

"Mwaitu, sasa mimi ni mtu mzima. Yamekwisha yale. Niambie mimi peke yangu. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Unajua ninachouliza."

Nthenya alikunja cheti mahali kilipokuwa kimekunjwa, akamrudishia. Akanyoosha kidole kuelekea mstari wa mkonge, ambako majani yalikuwa yameanza kuota tena juu ya kaburi.

"Baba yako ni yule pale. Anahitaji kupaliliwa."

"Na zaidi ya hapo?"

"Zaidi ya hapo sisemi. Si kwako, si kwa kanisa, si kwa Tawa. Lete jembe."